Taa mbili kwenye dashibodi: ipi inakutaka usimame sasa hivi?

"Mwaka jana nilinunua gari dogo la petroli lililotoka Japani. Tangu mwezi uliopita taa ya njano yenye picha ya injini imekuwa ikiwaka. Jioni nikipanda Waiyaki Way kurudi nyumbani Kinoo, nikishapita Kangemi gari huanza kutetemeka na taa hiyo hupepesa. Nikifika palipo sawa huacha kupepesa lakini haizimiki. Fundi wangu alichomoa waya wa betri kwa dakika chache, taa ikazimika, siku ya tatu ikarudi. Anasema ni sensa tu, magari ya Japani yana sensa zenye wasiwasi mwingi, na nikitaka anaweza kuitoa balbu. Jirani naye ananishauri nibadilishe sensa ya oksijeni. Kuna pia taa nyekundu yenye picha ya birika ambayo huwaka kidogo nikisimama kwenye foleni pale Westlands, lakini nikikanyaga mafuta inazimika, kwa hiyo hiyo sijaijali. Jumamosi ya wiki ijayo ninakwenda Nakuru na mama yangu pamoja na watoto wawili. Je, naweza kwenda na gari hili?"

Dada yangu, nashukuru kwa jinsi ulivyoeleza mambo haya kwa utaratibu, kwa sababu maelezo ya aina hii, ya wapi taa inawaka na wapi inazimika, humsaidia fundi kuliko hata mashine. Lakini nimeona kwamba taa ya njano umeiandikia sentensi kadhaa, na ile nyekundu umeiandikia moja tu, ukamaliza kwa kusema hujaijali. Mimi nitaanza na hiyo moja. Kama unasoma haya asubuhi kabla ya kwenda kazini, nakuomba gari usiliwashe mpaka upime oili kwa namna nitakayoeleza hapa chini.

Rangi za taa za dashibodi hazikuwekwa ovyo. Watengenezaji hufuata alama za kimataifa, na ndiyo maana lile unaloliita birika, ambalo kwa kweli ni kopo la oili la kizamani lenye tone mdomoni, linafanana kwenye gari la Japani na la Ujerumani. Nyekundu ikiwaka gari likiwa linatembea, maana yake ni kwamba usalama wako au uhai wa injini uko hatarini wakati huo huo. Njano inasema kuna hitilafu inayotaka kushughulikiwa karibuni. Kijani na buluu hukuarifu tu kuhusu hali fulani, kwa mfano kwamba taa kubwa zimewashwa.

Sasa hilo kopo. Watu wengi hudhani linaonyesha kiasi cha oili kilichobaki, kama vile mshale wa petroli unavyoonyesha kiasi cha petroli. Sivyo. Kwenye magari mengi taa hiyo inahusu presha. Ubavuni mwa injini kuna swichi ndogo, si kubwa kuliko kidole gumba, na presha ya oili ikianguka chini ya kiwango fulani swichi hiyo huiwasha taa. Kiwango chenyewe ni cha chini sana. Tairi lako huenda unalijaza upepo wa psi 32 hivi. Swichi ya oili kwenye injini nyingi ndogo huwasha taa presha ikiwa imebaki psi chache tu, mara nyingi karibu na 5. Kwa hiyo taa hii haikuonyi kwamba presha imeanza kupungua. Ikiwaka, presha imeshakaribia kwisha.

Presha hiyo ina kazi gani? Ndani ya injini kuna mhimili mzito, krankshafti, unaozunguka mara 50 kwa sekunde injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Mhimili huo umelazwa juu ya beringi za chuma laini, lakini injini ikiwa nzima chuma hakigusani na chuma, kwa sababu katikati yake kuna utando wa oili, mwembamba kuliko unywele, unaosukumwa na pampu bila kukoma. Utando huo ukikatika, chuma husaga chuma. Niliwahi kufungua injini ya mteja aliyetoka Naivasha hadi Nairobi taa hiyo ikiwaka, akiamini atafika kwanza ndipo aiulizie. Beringi ambazo zilipaswa kuwa na rangi ya kijivu inayong'aa zilikuwa zimekwaruzwa mpaka rangi ya shaba ikatokeza, na chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, oili ilikuwa imejaa vumbi la chuma linalometameta kama rangi ya kucha. Injini ile haikutengenezeka, alinunua nyingine.

Utauliza, kama ni hatari hivyo, mbona taa inazimika ukikanyaga mafuta? Pampu ya oili huzungushwa na injini yenyewe. Ukisimama kwenye foleni baada ya safari, injini inazunguka polepole na oili imekuwa moto na nyepesi, kwa hiyo presha inashuka hadi mahali pake pa chini kabisa. Ukikanyaga, pampu inakaza mwendo na presha inapanda kidogo juu ya kile kiwango cha swichi, taa ikazimika. Hakuna kilichopona. Injini nzima hubakiza presha ya kutosha hata ikiwa imesimama kwenye foleni jua likiwaka, na yako imeanza kushindwa.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Weka gari mahali palipo sawa, si kwenye mteremko wa langoni, uzime injini, usubiri dakika kumi ili oili ishuke chini. Chomoa dipstiki, ule ufito mrefu wenye kishikio cha rangi ya njano au ya chungwa, uifute kwa kitambaa kikavu, uirudishe mpaka mwisho, kisha uichomoe tena. Usomaji wa mara ya kwanza hauhesabiwi, kwa sababu oili huwa imerukia huku na huku. Karibu na ncha utaona alama mbili, nukta au mikato. Oili inapaswa kuishia kati yake, na ni vizuri ikikaribia ile ya juu. Kwenye injini nyingi ndogo, nafasi kati ya alama hizo mbili ni kama lita moja. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: inusishe pua yako hiyo ncha. Oili ya injini ina harufu yake nzito; ukisikia harufu ya petroli waziwazi, kumbuka hilo, tutalirudia.

Kama oili iko chini ya alama ya chini, au dipstiki imetoka kavu, ongeza kidogo kidogo aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha kujazia, ukipima kila mara, usipite alama ya juu. Taa ikiacha kuwaka kabisa, sababu ya taa umeipata, lakini bado hujajua oili ilikwenda wapi. Angalia chini ya gari asubuhi kama kuna madoa, na mwambie mtu atazame sailensa unapoondoka: moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua.

Kama oili iko sawa kwenye alama na bado taa inapepesa, usiliendeshe gari hilo. Sababu inaweza kuwa ndogo kama swichi iliyochoka, ambayo si ghali, au kubwa kama beringi zilizolika, au kichujio cha pampu kilichozibwa na utope mweusi unaotokana na oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Kutoka nje hakuna awezaye kuzitofautisha. Fundi anachomoa ile swichi, mahali pake anafunga geji ya presha yenye mshale, na kusoma presha halisi injini ikiwa imepata moto. Ni kazi ya muda mfupi. Mtu akikuambia "ni swichi tu" bila kufunga geji, amebahatisha, hata kama mwishowe itakuwa kweli ni swichi.

Hapo hapo nikutahadharishe kuhusu dawa moja maarufu. Baadhi ya mafundi hunyamazisha taa hii kwa kujaza oili nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa mfano 20W-50 kwenye injini iliyoundiwa 5W-30. Presha itapanda kweli na taa itazimika, kwa sababu oili nzito hupita polepole kwenye nafasi zilizopanuka. Lakini asubuhi za baridi, kama zile za Julai upande wenu wa Kinoo, oili hiyo itachelewa kufika juu ya injini, na beringi zilizolika zitaendelea kulika bila taa ya kukuarifu. Sitasema haina nafasi kabisa. Kwa injini kuukuu ambayo mwenyewe anajua imechoka na anapanga kuibadilisha, inaweza kumvusha miezi kadhaa. Kwa gari ambalo bado hujajua lina nini, inaficha ushahidi.

Tuje sasa kwenye taa ya njano. Ikiwaka bila kupepesa, kompyuta ya injini imeona jambo lisilo la kawaida na kuliandika. Unaweza kuendelea kuendesha kwa utaratibu ukipanga kumwona fundi ndani ya siku chache, mradi gari haliongezeki moto wala kupoteza nguvu. Ikipepesa ni habari nyingine. Karibu kila mara inamaanisha kwamba silinda moja au zaidi inakosa kuchoma petroli, na inakosa kwa kiasi cha kuweza kuharibu kitu kingine. Ule mtetemeko unaousikia ndio huo. Petroli isiyochomwa huingia kwenye eksozi ikiwa bichi, ikafika kwenye katalisti, yaani lile kopo lenye tundu nyingi kama sega la nyuki linalosafisha moshi, na kuungulia humo. Katalisti hupata joto la kupita kiasi, sega likayeyuka, na likiziba gari hukosa pa kutolea pumzi. Kwa hiyo ukiona inapepesa, punguza mguu papo hapo, upande polepole. Ikiendelea kupepesa hata hivyo, egesha mahali salama na uweke vibao vyako vya pembetatu nyuma.

Na kwa nini inatokea kwenye mlima wa baada ya Kangemi, si pale Westlands palipo na barabara sawa? Ukipanda unakanyaga zaidi, hewa nyingi zaidi inaingia kwenye silinda, na mgandamizo unaongezeka. Cheche ya plagi hupata taabu kuruka katikati ya hewa iliyogandamizwa sana, hivyo koili hulazimika kutoa umeme wa nguvu zaidi. Koili inayoanza kufa, au plagi ambayo ncha yake imelika na nafasi ikapanuka, hutosheleza barabara tambarare lakini hushindwa mlimani. Maelezo yako yananielekeza huko kwanza, ingawa injekta (kifaa kinachopuliza petroli) iliyoziba au mgandamizo ulioshuka kwenye silinda pia huweza kuleta dalili hizo hizo.

Hapa ndipo mashine ya kusoma kompyuta inapohitajika. Tundu lake lenye pini 16 liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na gereji nyingi za Nairobi zina kifaa cha kusoma. Utapewa misimbo. P0300 inasema injini inakosa kuchoma kwenye silinda zisizotabirika. P0302 inasema ni silinda ya pili. Msimbo hausemi "nunua koili". Unaonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Kama gari lako lina koili moja kwa kila plagi, na magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni yako hivyo, mwombe fundi afanye kipimo hiki mbele yako: achomoe koili ya silinda ya pili aiweke kwenye ya tatu, na ya tatu aiweke kwenye ya pili, afute msimbo, kisha mkapande mlima mfupi pamoja. Msimbo ukirudi ukiwa P0303, hitilafu imehama na koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu. Ukirudi P0302, koili haina hatia. Mgeukie plagi, na baada ya plagi injekta na mgandamizo. Umetumia nusu saa na hujanunua kitu.

Kuhusu sensa ya oksijeni ya jirani yako, nia yake ni njema, na huenda mashine ikamuunga mkono kwa kutoa msimbo unaotaja sensa hiyo au unaosema mchanganyiko una hewa nyingi, kama P0171. Lakini tazama: silinda isipochoma, oksijeni yake haitumiki, inatoka nayo nje kwenye eksozi. Sensa inaiona na kuripoti oksijeni nyingi, kama ilivyoundwa kufanya. Ukiibadilisha, mpya itaripoti vile vile. Maliza tatizo la kutochoma kwanza, ufute misimbo, ndipo uone kama sensa bado inalalamikiwa.

Kuchomoa waya wa betri kunafanya jambo moja: kunafuta kumbukumbu ya kompyuta. Taa ilizimika kwa sababu kompyuta ilisahau, na ilirudi siku ya tatu kwa sababu iliona tena kilekile. Mbaya zaidi, pamoja na msimbo inafutwa pia ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, joto na uzito wa kazi, ambayo fundi mzuri huitegemea. Kwa hiyo usikubali betri ichomolewe tena kabla misimbo haijasomwa na kuandikwa kwenye karatasi unayobaki nayo wewe.

Sasa turudi kwenye ile harufu ya petroli, kwa sababu nina shaka kwamba taa zako mbili zinasimulia kisa kimoja. Petroli isiyochomwa haitoki yote kwenye eksozi. Nyingine huteremka kwenye kuta za silinda, ikapenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na oili nyepesi haishiki presha ukisimama kwenye foleni. Ukikuta dipstiki inanuka petroli, na pengine oili iko juu ya alama ya juu ingawa hujaongeza, basi inawezekana taa ya njano ya mwezi uliopita ndiyo iliyozaa taa nyekundu ya leo. Tiba itakuwa kumaliza kutochoma, kisha kubadilisha oili na kichujio chake mara moja, kisha kupima presha. Na kisa kinaweza kwenda kinyume pia: injini inayokula oili huichafua plagi kwa masizi, ikakosa cheche. Hapo utakuta oili imepungua na moshi ni wa samawati. Ndiyo sababu nimekuomba uanze na dipstiki. Itatuambia upande gani wa kushika.

Balbu isitolewe. Ukitaka kujua taa za gari lako zote ni nzima, washa swichi hadi hatua ya mwisho kabla ya kupiga stata na utazame: ya injini, ya oili, ya betri, ya mifuko ya hewa na ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki kwa nguvu) zinapaswa kuwaka zote, kisha zizimike injini ikishawaka au sekunde chache baadaye. Isiyowaka kabisa imenyamazishwa na mtu au imeungua. Nakushauri ufanye hivyo leo hii, maana gari ulinunua likiwa limetumika, na taa ya mifuko ya hewa ni mojawapo ya zile zinazoweza kufichwa na wauzaji wasio waaminifu.

Kwa kuwa una safari, nizitaje nyingine kwa ufupi. Taa ya betri ikiwaka ukiwa unaendesha, gari halichaji. Kwenye baadhi ya injini mkanda unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika injini itachemka ndani ya dakika chache. Taa nyekundu ya breki ikibaki baada ya kushusha breki ya mkono, angalia maji ya breki. Yakipungua, ama pedi zimelika ama yanavuja, na kama yanavuja gari halitembei. ABS ya njano ikiwa peke yake, breki za kawaida bado zipo, ila usikanyage kwa nguvu kwenye lami yenye maji.

Ya joto nitaisemea zaidi kidogo. Magari mengi madogo ya Japani, kama Toyota Vitz na Passo, hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi moto. Huna onyo la katikati. Nyekundu ikiwaka, egesha, zima injini, na usifungue kifuniko cha rejeta. Mfumo ule umefungwa kwa presha ili maji yasichemke mapema, na huku kwetu Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Joto la kawaida la kazi la injini liko jirani na hapo hapo. Ukifungua kifuniko, presha inatoka ghafla na maji ya moto yanachemka na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la rejeta liweze kushikwa kwa mkono bila kuchoma.

Kuhusu fundi wako, sikuambii umwache. Huenda ni stadi kwa breki na sasipensheni. Ila kwa kazi hii mtafute mwenye geji ya presha na mashine ya kusoma misimbo, anayekubali usimame karibu wakati wa kupima. Spea ukizifuata Kirinyaga Road, nenda na ile ya zamani mkononi mlinganishe namba iliyochapwa juu yake, na uchukue risiti, maana koili za kuiga ni nyingi na nyingine hufa ndani ya wiki chache.

Basi, Nakuru. Gari likiwa katika hali uliyoieleza, jibu langu ni hapana. Ni kilomita 160 hivi kwenda, na kurudi kutoka Naivasha ni mlima mrefu ambao utaiita ile taa ya njano mapema kuliko mlima wa Kangemi, ukiwa na mama na watoto ndani na malori nyuma yako. Ikiwa kabla ya Ijumaa oili itakuwa imebadilishwa, geji imeonyesha presha inayolingana na kitabu cha gari injini ikiwa moto, chanzo cha kutochoma kimepatikana na kurekebishwa, na umepanda Waiyaki Way jioni mbili mfululizo bila taa yoyote kuwaka, nendeni, na dipstiki uipime tena Jumamosi asubuhi na mkifika Nakuru. Sharti moja likikosekana, pandeni matatu.